AA, AS, SS: Herufi mbili zinazowagombanisha wazazi

Ifakara. Kwa mkulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero, mundu hauhitaji maelezo. Ni chuma kilichopinda, chenye mpini mfupi, kinachotoka darini mavuno yanapokaribia na kurudi huko gunia la mwisho likishafika nyumbani.

Jina selimundu limetokana na chombo hicho. Seli nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni duara laini lililobonyea katikati, hupinda na kukakamaa kama mundu, ikashindwa kupita vizuri kwenye mishipa midogo. Wengi wetu mitaani tunauita sikoseli.

Jina linaeleweka. Kisichoeleweka ni zile herufi mbili ambazo mzazi anakabidhiwa na maabara, zimeandikwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi: AA, AS, SS. Wengine wanaambiwa mtoto ni "chanya" na wanarudi nyumbani na neno hilo moja. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Ukoo wa mume unasema kwao hakuna ugonjwa huo. Ukoo wa mke unakumbuka shangazi wa upande wa mume aliyekufa mdogo, macho yakiwa ya njano. Mama analala na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, na mchana anaulizwa damu hii ameitoa wapi.

Jibu lipo kwenye hizo herufi, na si gumu kiasi hicho. Linahitaji dakika chache na sarafu mbili.

Kila mtu ana nakala mbili

Tuanze na neno lenyewe: kinasaba, au jeni. Ni agizo lililoandikwa ndani ya seli, linaloueleza mwili namna ya kutengeneza kitu fulani. Kinasaba tunachokizungumzia hapa kinatoa agizo la kutengeneza hemoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni.

Agizo hilo kila mtu analo katika nakala mbili. Moja amepewa na mama, moja na baba. Hakuna aliyepewa mbili na mzazi mmoja akanyimwa na mwingine. Ukishika jambo hili moja, nusu ya ugomvi wa koo umeisha.

Nakala ya kawaida inaitwa A. Nakala ya S ni agizo lilelile, ila herufi moja tu ya maandishi yake ya ndani imebadilika. Mabadiliko hayo ya herufi moja yanatosha kuifanya hemoglobini ishikamane na kuwa kama vijiti pale oksijeni inapopungua, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoipindisha seli.

Kwa hiyo AA ni mtu mwenye nakala mbili za kawaida. SS ana nakala mbili za S. Huyu ndiye mgonjwa wa selimundu. AS ana moja ya kila aina. Nakala yake ya A inatengeneza hemoglobini ya kutosha, na kwa kawaida anaishi, analima, anacheza mpira na kuzaa bila kujua lolote. Kitaalamu anaitwa mbebaji. AS si mgonjwa, wala si "sikoseli kidogo", na haigeuki kuwa SS mtu akizeeka, akipata mimba au akila vibaya. Herufi ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo, isipokuwa ukibadilishiwa uloto, jambo ambalo nitaligusa baadaye.

Kama una mtoto wa kidato cha nne, atakuletea maneno mengine nyumbani kutoka somo la biolojia. Homozaigasi ni mwenye nakala mbili zinazofanana, yaani AA au SS. Heterozaigasi ni mwenye nakala mbili tofauti, yaani AS. Jenotipu ni zile herufi zilizoandikwa ndani. Fenotipu ni kinachoonekana kwa nje. AA na AS wana jenotipu tofauti, lakini ukiwakuta wamesimama kwenye foleni ya daladala hapo Kibaoni huwezi kuwatofautisha. Ugonjwa wa aina hii, unaohitaji nakala mbili ili ujitokeze, unasemwa kuwa unabebwa na kinasaba fiche: upo ndani, unapita kizazi hadi kizazi, na hauoneshi uso mpaka wawili wenye nao wakutane.

Ualbino unarithiwa kwa njia hiyohiyo, ingawa kwa vinasaba vingine kabisa. Ndiyo maana baba na mama weusi wanaweza kumpata mtoto mwenye ualbino bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa. Ni mada inayohitaji ukurasa wake.

Sarafu mbili mezani

Sasa chukua sarafu mbili za shilingi 200. Moja ni ya mama, moja ni ya baba, na tuseme wote wawili ni AS. Upande mmoja wa kila sarafu uite A, upande wa pili uite S. Zirushe zote mbili. Zilivyoanguka, huyo ndiye mtoto.

Kuna namna nne za kuanguka, zenye uwezekano sawa: A na A, A ya mama na S ya baba, S ya mama na A ya baba, S na S. Katika nne hizo, moja ni AA, mbili ni AS na moja ni SS. Hiyo ndiyo ile robo, au asilimia 25, ambayo daktari anaitaja haraka huku anaita mgonjwa mwingine.

Robo hii ndiyo inayosomwa vibaya kuliko kitu kingine chochote kwenye suala hili. Wazazi wengi wanaielewa kama zamu: mmoja kati ya wanne ataugua, sisi wetu ameshapatikana, basi watatu wanaofuata ni salama. Sivyo. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba ni mrusho mpya, na robo inaanza upya.

Hesabu ya familia yenye watoto wanne, wazazi wote wakiwa AS, iko hivi. Takriban familia 32 kati ya 100 hazitapata mtoto wa SS hata mmoja, na zinaweza kuishi zikiamini kwamba kwao haupo. Takriban 42 zitapata mmoja. Zilizobaki, kama 26, zitapata wawili au zaidi. Jirani mwenye watoto wawili wagonjwa hajafanya kosa lolote ambalo jirani mwenye watoto wanne wazima alilikwepa.

Mchanganyiko mwingine ni mwepesi zaidi. Mzazi mmoja AA na mwingine AS: hakuna mtoto wa SS, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. AA na SS: watoto wote ni AS, hakuna mgonjwa. AS na SS: kila mimba ina nusu ya kuwa SS. SS na SS: watoto wote ni SS.

Rudi sasa kwenye ule ugomvi wa koo. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Mama hawezi kumletea ugonjwa peke yake, na baba vilevile. Ukoo unaosema "kwetu haupo" huenda umekuwa na wabebaji kwa vizazi vingi.

Na kama baba amepimwa akakutwa hana S, ilhali mtoto anaugua kama mwenye SS? Nimeona swali hili likigeuka mashtaka ya usinzi ndani ya saa moja. Kabla ya kufika huko, yapo mambo ya kukagua. Kipimo kinaweza kuwa kilikosewa, au baba aliongezewa damu siku za karibuni. Pia lipo tatizo jingine la kurithi la hemoglobini linaloitwa talasemia: mzazi mwenye talasemia hana S, lakini mtoto akipata S kwa mzazi mmoja na talasemia kwa mwingine, anaweza kuugua kama mgonjwa wa SS. Daktari anayezifahamu damu ndiye wa kulitatua hilo, si kikao cha familia.

Wale wanaofuga chatu

Ukiliandika neno heterozaigasi kwenye simu yako, usishangae ukaletewa nyoka. Nilipolitafuta mara ya kwanza nilidhani nimekosea.

Kuna watu Marekani na Ulaya wanaofuga chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Humu bondeni tunamjua binamu yake mkubwa zaidi, na tunamjua kwa kumeza kuku na mbuzi. Sijasikia mtu wa Ifakara anayempa jina na kumnunulia kizimba cha kioo. Lakini wafugaji wale wanajua vinasaba kuliko wengi wetu, kwa sababu ndivyo wanavyouziana. Chatu mwenye rangi ya kawaida anayebeba kinasaba fiche cha ualbino anauzwa ghali kuliko mwenzake asiyekibeba, ingawa kwa macho wanafanana. Wanamwita heti, kifupi cha heterozaigasi.

Na wana msemo mmoja unaowachanganya wageni: "heti asilimia 66". Maana yake ni hii. Wabebaji wawili wamepandishwa, wamezaa. Robo ya vifaranga ni albino, wanaonekana wazi. Hao waliobaki wana rangi ya kawaida, na mfugaji hajui nani ni nani. Anachojua ni kwamba katika kila watatu wa kawaida, kwa wastani wawili wanabeba. Mbili kati ya tatu ni asilimia 66 na kidogo. Anawauza kwa bei ya katikati, akiwa amesema ukweli.

Hesabu hiyohiyo inamhusu kaka au dada mzima wa mtoto wa SS. Wazazi wao wote ni AS. Yeye si SS, maana angekuwa ameugua. Katika namna nne za sarafu, ile ya SS tunaiondoa. Zinabaki tatu, na mbili kati yake ni AS. Kwa hiyo binti mzima, anayejiandaa kuolewa, ambaye mdogo wake anatibiwa selimundu, ana uwezekano wa karibu asilimia 67 wa kuwa mbebaji. Wengi wanadhani kwa kuwa wao ni wazima wameshavuka.

Mfugaji asiye na uhakika humpandisha nyoka wake kisha akasubiri mayai yaanguliwe. Ukitazama tunavyoishi, wazazi wengi tunafanya vivyo hivyo, tunajua herufi zetu siku mtoto anapolazwa. Ila sisi tuna kipimo, na kinahitaji tone la damu tu.

Kwa nini hapa kwetu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wa selimundu duniani. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 kwa mwaka, na wabebaji wanakadiriwa kuwa kati ya 13 na 20 katika kila watu 100, kutegemea eneo.

Sababu yake inavuma masikioni mwetu kila jioni. Ni mbu.

Mtu aliyeliona hilo mapema alikuwa Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akikusanya damu za watu wa Kenya, aliona jambo la ajabu: pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi 20 kati ya 100, ilhali nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Palipo na malaria palikuwa na S. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba kubeba nakala moja ya S kunamkinga mtu dhidi ya malaria. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria: kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vimelea, kati ya 15 wabebaji, wawili tu. Leo kamati ya maadili ingemuuliza maswali mengi kabla ya kumruhusu.

Tafiti za baadaye, zikiwamo za Kilifi nchini Kenya, zilionesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa maelfu ya miaka, mtoto wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kufika utu uzima na kuzaa. S ikaendelea kupita.

Sasa fikiria bonde hili, lenye mto unaofurika, majaruba na joto. Watafiti waliohesabu mbu Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilikuja hapa kwa sababu kama hizo. Malaria imepungua sana tangu siku zile. S haitapungua kwa kasi hiyo. Mbu wakiondoka leo, herufi zitabaki kwa vizazi.

Kuna kosa moja linalotokana na habari hii ambalo linaua. Watu husikia "sikoseli inakinga malaria" wakamlegezea mtoto wa SS kwenye chandarua. Kinga ile ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko kwenye hatari kubwa, kwa sababu damu yake tayari ni pungufu na malaria inaimalizia. Huyu ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua, kila usiku, hata kwenye kibanda cha shambani.

Karatasi ya maabara

Mimi ni AS. Nilijua nikiwa chuoni, na nilijua kwa njia mbaya. Nilipimwa kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, nikapewa karatasi yenye neno "chanya" na sikuelezwa zaidi. Nilikaa siku tisa nikiamini nina ugonjwa ambao nilikuwa nimeshaandika habari zake kwenye gazeti la chuo. Nilimpigia mama yangu simu Mlimba usiku, naye akaanza kulia kabla mimi sijalia.

Kilichotokea ndicho kinachowatokea wengi. Kipimo kile cha kawaida, kinachoitwa sikling, huchukua tone la damu, kikaliondolea oksijeni kwa dawa, kisha mtaalamu akaangalia kwa hadubini kama seli zinapinda. Zikipinda jibu ni chanya. Lakini seli za AS nazo hupinda katika mazingira hayo ya maabara. Kipimo kinasema S ipo. Hakisemi ni moja au mbili. Ukiambiwa "chanya", swali lako la kwanza liwe: AS au SS?

Jibu la swali hilo linatoka kwenye kipimo kingine kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kipo cha elektroforesi, kipo cha mashine kubwa zaidi za hospitali za rufaa, na siku hizi vipo vipimo vya haraka vinavyofanana na kile cha malaria, tone la damu na mistari, majibu ndani ya dakika chache. Si kila kituo kinavyo. Uliza kituo chako kabla hujasafiri, na kama hakina, omba uelekezwe hospitali ya rufaa.

Mtoto mchanga ana jambo lake. Anazaliwa damu yake ikiwa imejaa hemoglobini ya tumboni, inayoandikwa F. Hiyo haipindi, na ndiyo maana mtoto wa SS huonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo, hadi F inapopungua, mara nyingi baada ya miezi sita. Kwa sababu hiyohiyo sikling inaweza kumdanganya mzazi wa kichanga. Kikitumika kipimo kinachotenganisha aina, karatasi itakuja na herufi zaidi: FA ni wa kawaida, FAS ni mbebaji, FS ni mtoto anayetarajiwa kuwa mgonjwa na anayepaswa kurudiwa kipimo na kuanza kliniki mapema. Na mtu aliyeongezewa damu asubiri kama miezi mitatu, la sivyo watapima damu ya aliyemchangia.

Mama yangu alipimwa baadaye: AS. Baba: AA. Ndiyo kusema hakuna mtoto wa nyumba yetu ambaye angekuwa SS, na sisi sote tuna nusu kwa nusu ya kubeba. Habari hiyo ya dakika mbili ingetuokolea siku tisa.

Kama jibu ni SS

Zamani jibu hili lilikuwa kama hukumu. Bila matunzo, zaidi ya nusu ya watoto wa SS barani Afrika hawafikishi miaka mitano, na wengi hufa bila mtu kujua walikuwa na nini. Inaandikwa malaria, homa ya mapafu, upungufu wa damu. Kwa matunzo, picha inabadilika sana, na mengi ni ya bei nafuu.

Penisilini kila siku hadi miaka mitano, kwa sababu bandama ya mtoto wa SS huharibika mapema na vijidudu vya kawaida humshinda. Chanjo zote kwa ratiba. Foliki asidi. Kinga ya malaria jinsi daktari atakavyoelekeza. Maji mengi, hasa siku za jua kali, na nguo za kutosha siku za baridi. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo huuamsha mwili kutengeneza tena ile hemoglobini F ya utotoni, hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Hii huanzishwa na daktari na hufuatiliwa kwa vipimo.

Omba muuguzi akufundishe kushika bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea. Kwa mtoto mdogo, dalili ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba na kuuma. Wapo wanaopakwa dawa za asili kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa. Sisemi kwa kuwacheka, viganja vilivyovimba vyote kwa pamoja vinatisha na vinatafutiwa maelezo.

Tiba ya kuondoa ugonjwa ipo, ingawa bado ni ya wachache. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu, akitumika ndugu ambaye uloto wake unalingana. Ndugu wa AS anaweza kuchangia. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, ambayo gharama yake kwa mtu mmoja ni mabilioni ya shilingi.

Msimu wa shamba

Kinachonisumbua zaidi humu bondeni ni miezi ya kilimo. Familia inahamia shambani, ng'ambo ya mto au ndani zaidi kuelekea Malinyi, na mtoto anakwenda nayo kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Daraja la Kilombero limefupisha safari ya kwenda hospitali kwa watu wa Ulanga na Malinyi. Enzi za kivuko ilikuwa kusubiri. Lakini kutoka kwenye kibanda hadi barabarani bado ni matope.

Kama una mtoto wa SS na mnaondoka, beba dawa za msimu mzima na si za wiki mbili, chandarua chake mwenyewe, kipimajoto, na kadi ya kliniki iliyoandikwa SS kwa herufi kubwa, ili mhudumu wa zahanati usiyemjua asianze kubahatisha. Kubaliana mapema na mwenye bodaboda atakayekuja usiku.

Na kama hujui herufi zako, wala za mwenzako, pimweni wote wawili, siku moja, na mpokee majibu mkiwa mmekaa pamoja. Kwa wachumba, majibu ya AS na AS hayavunji uchumba yenyewe. Wapo wanaoachana, wapo wanaooana na kupanga kumpima kila mtoto anapozaliwa. Mimi sioni kwamba mchungaji, shehe au mwandishi wa gazeti ana haki ya kuwachagulia. Wana haki ya kujua kabla.

Mdogo wangu wa kiume ana mchumba Mang'ula. Nimemweleza sarafu, nimemweleza hadi chatu. Amesema ataenda kupima mpunga ukishaingia ndani.